Miguu Chini ya Pazia

Mtaa mzima ulimwita Fotokopi, na kwa miaka mingi yeye mwenyewe aliona ni sifa. Umletee picha ya gauni kwenye simu, hata kama simu yenyewe kioo kimepasuka na picha imepigwa na mtu anayetetemeka, ataitazama mara moja juu mpaka chini, atakutazama na wewe juu mpaka chini, kisha atasema, "Njoo Alhamisi." Ukija Alhamisi, gauni ni lile lile. Mshono ule ule, kola ile ile, hata makosa yamo. Aliwahi kumshonea mama mmoja blauzi yenye mkono mmoja mfupi kuliko mwenziwe, kwa sababu mrembo wa kwenye picha alikuwa amekunja mkono. Mama akarudi amefura. Fotokopi akamwonyesha picha. Mama akaitazama, akaangua kicheko, akavaa hivyo hivyo, na haukupita muda wakaja wengine wanataka mikono ya namna ile.

Alikuwa mwanamke mfupi, mnene wa mikono, mwepesi wa kucheka, futi ya kupimia shingoni hata akienda sokoni. Duka lake lilikuwa chumba kimoja kinachotazama barabara: cherehani mbili, meza ya kukatia, pasi, mdoli asiye na kichwa ambaye wateja wa siku nyingi walimsalimia kwa mazoea, na pale kwenye kona, nyuma ya pazia la kijivu, chumba cha kujaribia nguo. Kukiita chumba ni kukipa heshima ya bure. Kilimtosha mtu mmoja, kioo na kigoda, basi. Pazia lenyewe lilikuwa fupi, maana kitambaa kiliishia hapo. Mtu akiwa ndani unaona miguu yake, na yeye aliye ndani anaona yako.

Sasa, huyu mwanamke alikuwa hajawahi kukaa peke yake tangu azaliwe. Si kwamba aliogopa, hakupata nafasi tu. Alizaliwa katika nyumba yenye watoto wengi kuliko mito ya kulalia. Alijifunza kushona katika chumba kilichojaa mafundi waliopokezana cherehani na umbea. Akaolewa na fundi wa friji aliyekuwa akiishi na mama yake, na mama yake alikuwa mtu wa kusimulia. Alipofungua duka, likawa limepakana na saluni, na kati ya duka na saluni kulikuwa na mlango ambao hakuna aliyekumbuka kama una kitasa. Wanawake wenye vichwa vilivyosukwa nusu waliingia kuuliza saa, wakakaa mpaka jioni. Kwa Fotokopi kelele ilikuwa kama hewa. Mtu akinyamaza mbele yake kidogo tu, alimgusa paji la uso kuona kama ana homa.

Na alikuwa na mdogo wake, kitindamimba, ambaye mama yao alimwacha mdogo bado hajaanza shule. Fotokopi ndiye aliyemlea. Alimwogesha, akamsuka, akamvisha, na kumvisha kwenyewe kulikuwa kwa mtindo wa dukani: sketi kama ya binti wa mwenye nyumba, koti kama la mtangazaji wa televisheni. Mtoto huyo hakujaliwa kutulia. Walimu walimlalamikia, majirani walimlalamikia. Akiwa kwenye foleni visigino vilicheza. Akiwa amelala aliteka shuka na kuzunguka nalo. Basi akakua, akampata kijana mpole anayeuza vitabu, mtu ambaye hajapandisha sauti tangu abalehe, na wakapanga kuoana.

Siku familia ilipokaa kupanga harusi, likaja suala la gauni. Simu zikatoka mifukoni. Kila mtu ana picha yake. Bibi harusi mtarajiwa akasimama katikati ya chumba, akasema, "Hapana jamani. Wekeni simu. Maisha yangu yote nimevaa kama fulani. Siku hiyo nataka gauni ambalo si la mtu yeyote. Dada, litoe kichwani mwako."

 Mume wa Fotokopi alijikuna kisogo. Fotokopi angeweza kucheka na kusema tutaona, maana hivyo ndivyo watu wenye akili wanavyosema. Badala yake aliinuka, akapandisha mabega, akatangaza kwa sauti ya mgombea ubunge, "Nitalitoa kichwani mwangu!"

Wakapiga makofi. Alipoketi, akakipekua hicho kichwa chenyewe kuanzia mbele mpaka nyuma, akakuta mna nguo za watu wengine tu.

Wiki ya kwanza alikata karatasi za ruwaza za kukatia nguo mpaka sakafu ikafichika. Kila alichokata kilikuwa na mwenyewe. Akichora shingo, mkono wake unasema, hii ni ile ya mke wa daktari. Akichora kiuno, hiki ni kile cha msichana wa benki. Cherehani inavuma, mlango wa saluni unapiga soga, jirani wa saluni anamwonyesha picha nyingine "kwa kukusaidia tu." Fotokopi alianza kuona jambo ambalo hakuwahi kuliwazia. Huyu mtoto hajawahi kumwomba kitu katika maisha yake. Ameomba hiki kimoja. Na yeye aliyemlea kwa mikono yake miwili huenda hana chake cha kumpa.

Jibu lilianzia kwenye pete ya pazia. Ilikatika. Mchana, baada ya chakula, Fotokopi aliingia chumba cha kujaribia kuifunga kwa uzi, akaketi kwenye kigoda apumue, miguu ameikunja juu kwa sababu imechoka. Jirani wa saluni akaingia dukani. Akaita. Fotokopi alikuwa na pini mdomoni, hakuitika. Jirani akasubiri, akasema peke yake, "Hayupo," akaondoka.

Hayupo!

Fotokopi alitoa pini mdomoni polepole. Kumbe mtu anaweza kutokuwepo! Umri wote huu, watoto wake wameshamaliza shule, hakujua kwamba kuna njia ya kutokuwepo bila kusafiri wala kufa. Akajiziba mdomo asije akacheka na kujisaliti. Alijisikia kama mtoto aliyejificha kabatini na wenzake wamekata tamaa kumtafuta.

Mwanzoni kichwa kiliendelea kupiga kelele chenyewe, bila hata msaada wa majirani: zipu imekwisha, mchuzi umebaki, yule mteja ana kiuno gani siku hizi. Hakukijibu. Kikaongea, kikaongea, mwishowe kikachoka, kama mama mkwe wake anavyochoka akikosa wa kumwitikia. Ndipo akaliona pazia. Alikuwa amelitundika mwenyewe, amelivuta asubuhi na jioni, na hakuwahi kulitazama. Upande wa nje jua lilikuwa limelipausha likawa kijivu. Lakini ndani ya mikunjo, mahali ambapo jua halikufika, lilikuwa bado buluu, buluu ile ya siku aliyolinunua. Upepo ukiingia mlangoni, mikunjo inafunguka, buluu inaonekana. Upepo ukikata, inafunga, na pazia linarudi kuwa la kijivu, limetulia kana kwamba halijafanya lolote.

Alitoka mle ndani na kitu kidogo sana. Mkunjo. Si gauni, si hata mkono wa gauni, mkunjo tu unaoficha rangi ndani yake. Lakini alipoutafuta mwenyewe wake, hakumpata. Ulikuwa wa kwake! Alimkamata yule mdoli asiye na kichwa kiunoni akacheza naye kuzunguka meza, akampiga busu mahali ambapo shavu lingekuwepo.

Kuanzia siku hiyo, kila mchana aliingia nyuma ya pazia akakaa. Na kuanzia siku hiyo, matatizo.

"Uko wapi?" aliuliza jirani wa saluni, safari hii baada ya kuinama na kuona miguu.

"Niko humu."

"Unajaribu nguo?"

"Hapana."

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Sasa unafanya nini?"

"Nimekaa."

"Na nani?"

"Peke yangu."

"Ala! Kwa nini?"

"Nataka tu kukaa peke yangu, jirani. Niache kidogo."

Haya, wewe msomaji niambie kwa haki. Katika watu wote unaowajua, ni nani anayesema maneno hayo? Ni aliyenuna. Anayesema "siumwi, niacheni, nataka kukaa peke yangu" ni mtu aliyesusa, na kadiri anavyosisitiza kwamba hana neno ndivyo neno lenyewe lilivyo zito. Jirani alirudi saluni kwa kunyata, na kabla kichwa alichokuwa akikisuka hakijakwisha, mtaa ulikuwa umeshapata habari: Fotokopi amenuna. Amekosewa, na hataki kusema na nani.

Kila aliyesikia akajipekua moyoni. Hapo ndipo ilipokuja raha yenyewe.

Vya kwanza kuja vilikuwa viatu vya mumewe. Fotokopi alivitambua chini ya pazia, viatu vizito vyenye madoa ya mafuta ya mashine. Vilisimama. Vikakohoa.

"Mke wangu."

Fotokopi hakujibu. Alikuwa na ule mkunjo akilini, unaelekea kushika mahali fulani pa mgongo, na alijua akifungua mdomo utamtoka.

"Najua kwa nini umenuna," sauti ya mume ikaendelea, ndogo. "Ni ule mkasi."

Mkasi gani?

"Ule wako mzuri wa kitambaa. Ni mimi. Nilikatia mpira wa mlango wa friji. Mara moja tu. Halafu..." Viatu vikahama kidogo. "Halafu nikakatia waya."

Waya! Kwa mshonaji, mkasi wa kitambaa haukatii hata karatasi. Miezi mizima Fotokopi alikuwa ameilaumu satini, akamlaumu muuza satini, akaenda kumgombeza mpaka yule mzee wa watu akampunguzia bei. Nusura aruke na kigoda. Lakini sauti ya mumewe ilikuwa ya mtoto aliyevunja kikombe, na viatu vilikuwa vimegeuza ncha kwa ndani kwa aibu, na badala ya hasira kilimjia kicheko. Akakishika. Akajaza kipande cha satini mdomoni. Kicheko kikashuka mabegani, mabega yakagusa pazia, pazia likatikisika.

"Usilie, mke wangu!" akasema mume, na viatu vikatoka mbio kwenda kununua mkasi mpya.

Zikaja ndala za mama mkwe. Zilikuja polepole, zikajipanga karibu sana na pazia, kama mtu anayetaka kunong'ona, ingawa mama mkwe hakujua kunong'ona ni nini.

"Mwanangu," akasema, na saluni nzima ikasikia. "Lile gauni la zambarau ulilonishonea. Halikuibwa kwenye kamba. Nililigawa. Kola ilikuwa inanikaba, nikaona nitakuvunja moyo. Nisamehe. Na kelele zile zote nilizopiga kuhusu wezi, pia unisamehe."

Ndani, Fotokopi alikuwa amekunja magoti, uso ameuficha mapajani, machozi yanamtoka. Alikumbuka walivyozunguka mtaa mzima na tochi mchana kweupe kumtafuta mwizi wa gauni la zambarau.

"Kumbe!" ikasema sauti nyingine, na kucha zilizopakwa rangi nyekundu zikatokea kando ya ndala. "Na mimi mlinishuku, mama! Mliingia saluni yangu mkafungua makabati!"

"Tulikushuku, ndiyo," akakiri mama mkwe.

"Basi mimi siku hiyo sikuwa nimeiba," alisema jirani wa saluni, sauti ikashuka, "ila, mwenzangu, mle ndani unisikie. Ukiniachia duka, huwa nayavaa. Magauni ya wateja. Nayavaa napiga picha, nayavua. Lile la kijani nililivaa mpaka kwenye sherehe. Ile zipu uliyosema imekufa yenyewe, haikufa yenyewe."

Pazia lilitikisika kama kuna kuku ndani.

"Analia sana," akasema mama mkwe kwa huzuni.

"Tumemuumiza," akasema jirani.

Nami sitaki mdhani Fotokopi alikuwa mnafiki. Alikusudia kutoka na kuwaeleza. Lakini utatokaje na kusema hukununa, na wenzako wameshaungama? Ungewaumbua. Tena, tuseme kweli, alikuwa hajawahi kuburudika hivyo. Umri wote alidhani kwamba anawajua watu wa nyumbani mwake kwa sababu wanaongea mfululizo. Ilibidi yeye anyamaze ndipo waseme kitu.

Kisha wakaja viatu vya wazi, vyembamba, vya rangi ya samawati, na ndani yake miguu ambayo Fotokopi angeitambua kati ya miguu ya uwanja mzima. Mdogo wake.

"Dada. Umejua, sivyo?"

Viatu vya samawati vikasogea karibu na pazia.

"Najua umejua. Ndiyo maana umesusa. Umejua kuhusu lile gauni la kukodi."

Fotokopi aliacha kucheka.

"Niliogopa, dada. Harusi imekaribia, wewe hujagusa kitambaa, kila nikija umekaa tu humu ndani. Nikasema, dada yangu ameshindwa na anaona haya kuniambia, basi nimwondolee mzigo. Nikaenda mjini nikakodi. Ni kama yale ya kwenye picha. Halina ubaya."

"Liko wapi?" Fotokopi aliuliza. Lilikuwa neno lake la kwanza, na wote nje wakashtuka.

"Chini ya kitanda cha mama mkwe wako."

Zile ndala za mama mkwe, zilizokuwa karibu na mdoli, zilirudi nyuma hatua moja.

Iliuma. Tusidanganyane, iliuma sana. Si kwa ajili ya gauni, bali kwa lile neno, ameshindwa, na kwamba lilisemwa kwa upole, na watu wa nyumba moja walilijua na kulihifadhi chini ya kitanda. Fotokopi alikaa kwenye kigoda, mikono mapajani. Hakuwa na la kutafuta tena. Hakuna aliyekuwa akimngojea sasa. Kichwa kilinyamaza kabisa, kimya cha kweli, kisichosubiri kitu, na katika kimya hicho akabaki anatazama kilichokuwa mbele ya macho yake.

Miguu. Mdogo wake alikuwa analia, machozi yalidondoka sakafuni akayaona. Lakini miguu haikuwa na habari ya msiba. Kisigino cha kulia kilipanda kikashuka. Kidole kikachora duara kwenye vumbi la chaki. Mguu wa kushoto ukajibu, ukazunguka, ukarudi. Fotokopi alikuwa ameiosha miguu hiyo ikiwa inatosha kiganjani, ameivisha soksi, ameikimbiza mtaa kwa mtaa, na hakuwahi kuitazama, kwa sababu siku zote juu yake kulikuwa na mtu anayeongea. Sasa pazia limeficha mwenye kuongea, imebaki miguu tu, na miguu ilimwambia wazi: huyu si mtu wa kusimama.

Na magauni ya kwenye picha yote yamesimama! Akajipiga paji la uso. Miaka yote hiyo! Picha haitembei. Alikuwa ameshona maisha yake yote nguo za watu waliosimama wakitazama kamera, na bibi harusi wake hajawahi kusimama tangu ajifunze kutembea.

Ule mkunjo ukashika mahali pake. Aliuona ukishuka kutoka kwenye mabega, mmoja, wa pili, na mingine mingi, marinda marefu yaliyofungwa kimya, meupe nje, mpaka chini. Na ndani ya kila rinda, rangi ya machungwa, ile kali, isiyoomba radhi. Akisimama, gauni jeupe. Akipiga hatua...

"Tembea!" alipiga kelele.

"Nini, dada?"

"Tembea! Nenda mlangoni urudi!"

Akajitupa chini, akalala kifudifudi, akachungulia kwa chini ya pazia, shavu kwenye sakafu. Miguu ya mdogo wake ikaenda ikarudi. "Tena! Haraka! Sasa polepole! Sasa geuka!" Viatu vizito vya mumewe vilikuwa vimerudi na mkasi mpya, vikasimama mlangoni vimeduwaa.

"Nimwite daktari?" aliuliza mume.

"Niitie muuza satini!" akasema Fotokopi, akatoka nje ya pazia kwa magoti, vumbi la chaki shavuni, macho yanawaka, na walipoona kwamba anacheka wote wakaogopa zaidi. "Sikununa! Jamani, sikununa hata kidogo! Nilikuwa nashona."

Mama mkwe alitazama cherehani zote mbili. "Bila cherehani?"

"Bila cherehani, mama."

"Ahaa," alisema mama mkwe, kwa sauti ya mtu ambaye hajaelewa na ameamua kuunga mkono.

Fotokopi akamgeukia mdogo wake, akamfuta machozi kwa ncha ya futi. "Lile la kukodi usilirudishe. Njoo siku moja kabla ya harusi. Ukiona langu baya, vaa lile, na mimi nitakufunga zipu bila kununa." Kisha akamtazama mumewe. "Suala la waya tutalizungumza."

Kwa kuwa kila mmoja alikuwa ameungama kwa hiari yake mbele ya mashahidi, hakuna aliyeweza kumkatalia kitu. Mlango wa saluni ukafungwa kila mchana, ikagundulika kitasa kipo. Fotokopi alikaa nyuma ya pazia kwanza, kisha akatoka kukata. Siku nyingine hakukata chochote, alikaa tu, na siku hizo ndizo zilizomwonyesha wapi rinda lianze na wapi liachiwe. Mama mkwe alijiteua kuwa mlinzi. Aliweka kiti mlangoni, na kila mteja aliyekaribia alimpigia kelele, "Nyamazeni huko! Mke wa mwanangu amekaa!" Ilisikika mpaka kituo cha mabasi. Fotokopi hakuwa na moyo wa kumwambia.

Siku ya kujaribu ikafika. Mdogo wake akaingia nyuma ya pazia. Nje walisubiri mume, jirani, na mama mkwe akiwa na lile la kukodi mkononi, ndani ya mfuko wake, kwa usalama. Fotokopi alisimama katikati ya duka akiuma kucha ambazo hakuwahi kuziuma. Ndani, zipu ikapanda. Kisha ikaja sauti ya mdogo wake, yenye adabu kupita kiasi.

"Zuri, dada. Ni... jeupe."

Kwa sababu mle ndani hamna hata nafasi ya kugeuka, sembuse kutembea.

"Toka nje," alisema Fotokopi. "Nenda barabarani."

"Na hili gauni? Watu wataniona!"

"Nenda."

Akatoka. Dukani alipiga hatua mbili za tahadhari, ameshika pindo, na hakuna lililotokea. Jirani alimtazama mama mkwe. Mama mkwe akaanza kufungua mfuko. Bibi harusi akavuka kizingiti, akafika kwenye jua, akaachia pindo, na kwa vile ni yeye, hakutembea. Aliruka mfereji wa mbele ya duka.

Gauni likawaka. Marinda yote yalifunguka kwa pamoja, machungwa yakapasuka kuanzia mabegani mpaka miguuni, na alipotua yakafunga, meupe, yametulia. Aligeuka kuangalia ni nini kile kilichomulika nyuma yake. Kwa kugeuka yakafunguka tena. Akapiga yowe. Akakimbia mpaka nguzo ya umeme, akarudi kinyumenyume, akazunguka, akazunguka tena, rangi inaingia na kutoka, na mwendesha baiskeli aliyekuwa anapita alisahau shughuli iliyompeleka, akaingia na baiskeli yake katikati ya ndoo za muuza ndoo. Saluni ikamwagika barabarani, vichwa vimesukwa upande mmoja. Muuza satini, aliyekuja kuona satini yake imekuwa nini, alipiga magoti. Mume alikuwa akimwambia kila mtu, "Ni mke wangu, aliyeshona ni mke wangu," hata wale waliokuwa wakijua. Mama mkwe alilitoa lile la kukodi, akalishika kifuani pake, akajitazama kwenye kioo cha saluni, akasema hata hili kola yake ingemkaba.

Fotokopi alibaki kizingitini. Hakucheka wala hakulia. Alikuwa anatazama jambo ambalo wiki chache nyuma halikuwepo popote duniani.

Kisha bibi harusi akasimama. Alisimama ghafla, katikati ya barabara, akapita katikati ya watu bila kumtazama mtu, akaingia dukani, akaingia nyuma ya pazia, akalifunga. Chini ya pazia ilionekana miguu yake. Ilikuwa imetulia. Yote miwili, sambamba, haichezi hata kidole.

Watu wakatazamana.

"Amenuna," alinong'ona jirani wa saluni.

"Hakulipenda," akasema mume.

"Tumemkosea nini tena?" akasema mama mkwe, na alikuwa tayari ameanza kuelekea kwenye pazia, ameandaa uso wa kuungama.

Fotokopi alinyoosha mkono akamzuia. Akaketi chini, mgongo ameuegemeza ukutani karibu na pazia. 

"Dada," ikasema sauti ya ndani, taratibu. Hakuwahi kuisikia sauti hiyo ikiwa taratibu.

"Naam."

"Ulijuaje kwamba mimi niko hivi?"

Fotokopi alifikiri. "Nilinyamaza," alisema. "Miguu yako ikasema."

Ndani, kigoda kilisogezwa.

"Dada, naweza kukaa humu kidogo? Peke yangu. Sijakasirika."

"Najua."

Fotokopi akainuka. Akawatoa nje mumewe, mama mkwe, jirani, muuza satini, na vichwa vyote vya saluni, mmoja mmoja, kwa kuwashika mabega. Wote walitaka kujua kuna nini. "Hakuna neno," aliwaambia, akatoka na yeye, akaurudisha mlango wa duka polepole, akasimama nje mbele yake.